Siku Trekta Lilipokwenda Kumwamkia Mzee Wambura

Ukifika Kisaka ukamuulizia mtu anayeitwa Kisiki, watakucheka kwanza ndipo wakujibu, na wengine watainama kabisa wameshika tumbo, kwa hiyo naomba nikiri mapema ili tusizungukane: Kisiki ni mimi. Jina nililopewa na wazazi ni Marwa, mzaliwa wa Nkende pale Tarime mjini. Hilo la pili nilijipatia kwa siku moja tu, mbele ya wazee, akina mama wa kwaya na mashine inayokumbuka kila mahali ulipokanyaga.

Niliondoka nyumbani asubuhi bila mpango wowote. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la sita (mwalimu alisema peke yangu nauliza maswali ya watu watatu, nikaona niwaachie wenzangu nafasi), na tangu hapo nimekuwa mtu wa barabara, nimebeba saruji Sirari, nimechoma matofali, nimefungua redio za watu na nyingine nikazifunga huku nati mbili zimebaki mkononi. Siku hiyo niliamka miguu inawasha, nikatupa shati na mswaki kwenye begi, nikatoka. Nilipofika kituo cha mafuta nikaona lori limebeba trekta. Matrekta nimeyaona mengi, lakini hili lilikuwa na kioo cha ajabu ndani, mbele ya kiti cha dereva, kimelala kidogo kama mtu anayetaka kusinzia, na juu yake kiboksi cheusi chenye jicho.

Nikamuuliza dada aliyekuwa anakagua kamba, "Samahani dada, hicho kioo ni cha nini, na mbona dereva ana kioo kingine mbele?"

Akanitazama kuanzia viatu. "Hicho kinamwonyesha dereva vitu ambavyo macho hayaoni."

Jamani, mtu kama mimi unaniambiaje maneno kama hayo halafu unategemea nibaki Tarime? Nikamwambia naweza kufunga kamba, kupakua, kuchota maji, kupika ugali, chochote. Akacheka. Alikuwa anaitwa Neema, mhandisi kutoka Mwanza, yeye na wenzake ndio waliokuwa wanatengeneza kile kioo na sasa wanakwenda kukijaribu shambani. Akaniambia panda nyuma, shika trekta lisituache njiani. (Trekta ndilo lililonishika mimi, ile barabara naijua.)

Tulishuka Kisaka, kwa Mama Bhoke. Huyu ni mjane, ana shamba zuri linaloteremka kuelekea kijito, na alikubali lifanyiwe majaribio kwa sababu ng'ombe wake wa kulimia walikufa na mvua zilikuwa zinakaribia. Kabla hata ya kutukaribisha uji, alimshika Neema mkono akampeleka ukingoni, akafunua nyasi kwa mguu, akamwonyesha mche wa mkonge usiozidi goti.

"Mwanangu, unaona huu? Huu ndio amani yangu. Ng'ambo ya huu ni kwa Mzee Wambura. Tumegombana kwa ajili ya mpaka tangu mume wangu anazikwa, mpaka wazee wakakaa, wakapanda hii mikonge, tukanyamaza. Mashine yako ikigusa mmoja tu, wazee watakaa tena, na safari hii sina mume wa kunisemea."

Neema akamwambia asiwe na wasiwasi, ndiyo maana tumekuja na hiki. Akatoa fimbo ndefu ya chuma yenye kitu kama uyoga juu yake. Akanieleza kwamba ile fimbo inaongea na setelaiti, na kila unapotembea nayo inaandika ulipopita, haikosei hata upana wa kiganja, halafu njia hiyo inaingia kwenye trekta na dereva anaiona kwenye kioo kama mstari uliolala juu ya udongo. Nikauliza maswali yangu ya watu watatu. Alinijibu yote, kisha akanipa ile fimbo.

"Wewe una miguu mizuri. Zunguka shamba lote, kanyaga pembeni mwa mkonge hadi mkonge. Ukitoka nje ya mpaka kwa sababu yoyote, bonyeza kitufe hiki chekundu iache kuandika. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Na nilielewa. Hiyo ndiyo inayouma.

Nilianza vizuri kabisa. Nilikuwa natembea kama padri kwenye maandamano, fimbo wima, macho chini, natafuta mikonge kwenye nyasi. Nikafika upande wa juu, na hapo nikamwona mzee amekaa kwenye kiti mlangoni mwa zizi lake, hatua kama hamsini kutoka mpakani, ananitazama. Sasa nyinyi mnaojua kwetu mnaelewa taabu yangu. Mzee amekuona, nawe umeona kwamba amekuona. Huwezi kupaza sauti shikamoo ukiwa mbali kama unamwita mchuuzi wa samaki, na huwezi kupita kimya ukiwa mgeni. Unakwenda, unainamisha kichwa, unaamkia. Nikatazama kile kitufe chekundu. Nikawaza, nikibonyeza, Neema kule kwenye kompyuta yake ataona nimesimamisha kazi, atasema huyu mvivu hata robo saa hajamaliza. Kuilaza fimbo chini nako, kulikuwa na mbuzi ambao wangeikanyaga. Nikasema moyoni, salamu ni nusu dakika, mashine gani itajali salamu?

Nikaenda nayo.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Wewe ni wa wapi?"

"Nkende, Tarime."

"Ahaa, Mkurya! Nimeona unavyotembea nikajua huyu ana wazazi. Vijana wa hapa wanasalimia mkono juu kama wanafukuza nzi. Kaa."

"Tata, niko kazini."

"Nani amekuuliza kazi? Mgeni hapiti kwangu na tumbo kavu."

Akaletewa kibuyu cha maziwa ya mgando, akanimiminia bakuli ambalo mtoto angeweza kuogea. Unakataaje? Nikanywa. Akaongeza. Nikanywa, huku fimbo nimeibana kwapani, inaandika. Nikashukuru, nikarudi mpakani nikaendelea na mikonge yangu, na kama ingeishia hapo tungekuwa na habari nyingine.

Lakini maziwa yale yalikuwa na umri. Nilipofika upande wa kijito tumbo likaniuliza swali moja, nikajifanya sikulisikia, likauliza la pili kwa sauti. Kulia kwangu, ng'ambo ya mpaka, kulikuwa na mtama mrefu wa Mzee Wambura uliokuwa umechelewa kuvunwa. Sikuwaza kitufe. Mtu aliye katika hali ile hawazi vitufe. Niliingia mtamani na fimbo yangu, nikaichomeka ardhini ikasimama wima kama askari analinda benki, nami nikafanya kilichonipeleka, nikatoka, nikamaliza mzunguko nikiwa mwepesi na nikijipongeza.

Neema alikuwa anatazama mchoro kwenye kompyuta. Akakunja uso. "Marwa, mbona hapa juu mpaka umechomoza kama pembe ya ng'ombe?"

Niseme nilikwenda kusalimia? Siku yangu ya kwanza ya kazi? "Ndivyo shamba lilivyo, dada. Mashamba ya huku hayakupimwa kwa rula."

"Na hiki kitanzi kidogo hapa chini?"

"Hapo... kuna kisiki. Nilikizunguka."

"Ooh, vizuri umeona." Akabonyeza pale, pakatokea duara jekundu lililoandikwa KISIKI. "Dereva atakikwepa."

Jioni, kabla jua halijazama, aliniruhusu nipande nikae kwenye kiti cha dereva. Akawasha. Ndugu zangu, sina maneno ya kutosha, lakini nitajaribu. Kioo kilikuwa cheupe tu, unaona shamba, unaona mbuzi, unaona vilima vya Serengeti kwa mbali. Halafu ghafla juu ya lile shamba pakalala mistari ya kijani, imenyooka, imepangana kutoka miguuni mwangu hadi kijitoni, kana kwamba mtu asiyeonekana amepita na chaki yenye mwanga. Nikasogeza kichwa, mistari ikabaki pale pale ardhini. Mbuzi akapita, mstari ukamkanyaga mgongoni, yeye hana habari. Ukingo wote ulikuwa wa manjano, na ule ukingo, jamani, ulikuwa ni mimi. Nyayo zangu. Niliona nilipojikwaa na kuyumba. Mtu ambaye hakuna daftari la shule linalomkumbuka, leo ameandikwa juu ya ardhi kwa mwanga. Machozi yalinitoka kidogo, na nilijawa na mshangao kiasi kwamba niliiona ile pembe na kile kitanzi vikiwaka pale bila haya, nikasema tu, tazama vinavyopendeza.

Kesho yake watu walijaa. Akina mama wa kwaya walikuja na viti vya kanisani. Neema aliweka televisheni kwenye meza chini ya turubai, kila anachokiona dereva watu wakione. Mzee Wambura hakukanyaga kwa Mama Bhoke, alikaa kule kule mlangoni mwa zizi lake na wazee wawili, fimbo mapajani, macho kwenye mikonge.

Dereva, mtu mzima mwenye kofia asiyependa maneno, akawasha trekta. Mstari wa kijani ulipotokea kwenye televisheni, watu wakasogeza viti mbele. Bibi mmoja wa kwaya akauliza, "Nani amechora pale?"

"Hakuna aliyechora, bibi," Neema akamjibu. "Uko kwenye kioo tu."

Bibi hakuridhika. Aliinuka, akaenda shambani, akainama, akapapasa udongo, akanusa vidole, akarudi akisema, "Kweli haupo. Na upo." Hakuna mtu aliyecheka, maana wote tulikuwa tunawaza hivyo hivyo.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya kuzunguka ukingo. Udongo ukageuka mweusi, mtaro ukanyooka kama ukanda wa suruali mpya, watu wanaguna tu, mm, mm, na Mama Bhoke amekunja mikono kifuani anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike. Trekta likapanda upande wa juu. Nami hapo ndipo akili ilinirudia. Niliona kwenye televisheni ile pembe inakuja.

Nilimpungia dereva mikono, hakuniona. Dereva hakuwa mtu wa pale, mikonge imefunikwa na nyasi, na ameambiwa leo usitazame kitu kingine, tii kioo. Akakata kona. Trekta likavuka mpaka, likang'oa mkonge wa kwanza, likang'oa wa pili, likanyoosha pua moja kwa moja kuelekea kwa wazee watatu waliokaa kwenye viti.

"Linakwenda wapi?" mama mmoja akauliza.

"Linakwenda kumwamkia mzee!" mwingine akajibu.

Kwaya nzima ikalipuka kicheko, wakati kule wazee wawili wameshatupa viti na wako ndani ya zizi na ng'ombe. Mzee Wambura hakuinuka. Aliishika fimbo yake kwa mikono miwili akaielekeza kwenye trekta, na dereva, aliyeinua macho kwa bahati tu, akafunga breki hatua chache mbele yake.

Kicheko kikafa. Mzee alikuja hadi chini ya turubai kwa miguu yake, ameshika mkonge uliong'oka, udongo unadondoka.

"Bhoke," akasema taratibu, na afadhali angepiga kelele. "Umeshindwa kunipora kwa jembe, umeleta mashine. Wazee wako hapa. Leo leo wakae."

"Tata, naapa sijui kitu," Mama Bhoke akasema. "Neema, mwambie!"

Neema akasema kifaa hakikosei, kimefuata njia iliyopimwa. Alisema ukweli na ukweli wake ukamzamisha Mama Bhoke zaidi, maana mzee akageuka: "Mmesikia? Haikukosea. Walipima hivyo makusudi!"

Nilimwona Mama Bhoke anashika nguzo ya turubai. Miguu yangu ilikuwa inataka barabara, nawaambia ukweli, begi langu lilikuwa karibu. Lakini nikasogea mbele.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Nawe upo?"

"Ile pembe ni mimi. Sikutumwa na mtu. Jana nilikuja kukuamkia nikiwa na fimbo ya kupimia, nikasahau... hapana, sikusahau, sikutaka kuizima. Imeandika salamu yangu. Trekta limefuata nilikopita mimi, mpaka kwenye kiti chako."

Neema akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakohoa. Mzee akakodolea televisheni macho. Akaufuata mstari kwa ncha ya fimbo: mpakani, kwenye kiti, mpakani.

"Na hiki cha huku chini, ndani ya mtama wangu? Hapa pameandikwaje?"

"Kisiki," mtu akamsomea.

"Hakuna kisiki kwenye mtama wangu. Nimelima pale tangu kijana. Mnaona? Hiki nacho ni salamu? Alimwamkia nani kwenye mtama?"

Kila mtu akanigeukia. Akina mama wa kwaya, wazee waliotoka zizini wakijipangusa, dereva, Neema. Mama Bhoke alikuwa ananitazama kama mtu anayezama anavyotazama kamba.

"Tata," nikasema, "yale maziwa uliyonipa..."

"Maziwa yangu yamefanyaje?"

"Yalikuwa mazuri. Lakini yalikuwa na haraka. Pale si kisiki. Pale nilikwenda haja."

Bibi aliyepapasa udongo akauliza kwa sauti ya kanisani, "Kubwa?"

"Kubwa, bibi."

Sitaeleza kicheko kile. Kuna mama alikaa chini kwenye udongo. Lakini Mzee Wambura hakucheka, alinyanyua fimbo watu wakanyamaza. "Maneno ni rahisi. Mashine inasema kuna kitu hapo, huyu anasema ni chake. Twende tukaone."

Na wakaenda! Msafara mzima, Neema mbele ameshika ile fimbo ya setelaiti na kompyuta ndogo, mzee nyuma yake, kisha wazee, kisha kwaya, na mimi katikati kama mshitakiwa. Neema anasoma: "Hatua sita... nne... kushoto kidogo... mbili... Hapa." Mzee akasogeza bua la mtama kwa fimbo yake. Akainama. Akainuka.

"Ipo," akasema. Akatazama ule uyoga wa chuma, akatazama mbinguni, jua linawaka na hakuna kitu chochote cha kuona kule. Akavua kofia. "Ipo pale pale. Kitu kiko juu huko, hakionekani, na kimejua mpaka hiki."

Hapo ndipo na yeye alipocheka, kicheko cha kukohoa kilichomlazimu kumshika Mama Bhoke bega asianguke, na Mama Bhoke akaliacha bega lake lishikwe.

Mikonge niliambiwa niirudishe mwenyewe, kwa magoti, wazee wamenisimamia wakihakikisha kila mche umerudi kwenye shimo lake. Kisha mpaka ukapimwa upya, na safari hii Mzee Wambura alikataa fimbo ibebwe na mtu mwingine. Aliibeba yeye, Mama Bhoke kando yake akifunua nyasi, mkonge hadi mkonge. Njiani watu wawili walimsalimia, akawajibu bila kugeuza shingo.

Walipomaliza, Neema akampandisha kwenye trekta. Alikaa mbele ya kile kioo muda mrefu, mstari wa manjano umelala juu ya nyasi kati ya shamba lake na la jirani.

"Nikifa, mstari huu utakuwepo?"

"Utakuwepo, mzee. Tutawapa ninyi wawili nakala."

"Hata mtu aking'oa mikonge?"

"Hata aking'oa yote."

Akashuka polepole, akampita kila mtu, akamwambia Mama Bhoke, "Lima, mwanangu, mvua inakuja," akaenda kwenye kiti chake.

Neema hakunifukuza. Aliniambia wanakwenda Machochwe wakimaliza pale, kama bado nina hamu niwatangulie nikatafute pa kulala, ila fimbo nitaisikia kwenye redio tu. Kesho yake asubuhi nikaondoka, maana nilipokwenda kuchota maji kijitoni watu watano waliniuliza kama nimeona visiki. Nilipanda pikipiki, nikatembea, nikapanda nyingine, njia nzima natazama juu. Najua hakuna kinachoonekana. Lakini tangu siku ile siwezi kupita kichakani bila kuinua macho kwanza, na nimejiwekea sharti ambalo sitalivunja maisha yangu yote: kitu chochote chenye kumbukumbu, kabla sijamwamkia mtu, nakizima. Nisipojua kinazimwaje, nakilaza chini, mbuzi wawepo wasiwepo.

Nilifika Machochwe mchana umepinda, nikaelekezwa nyumba yenye vyumba vya wageni. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye kitenge cha bluu, alikuwa anaanua mahindi upande wa pili wa uwanja. Nililaza begi chini, nikatoa simu mfukoni, nikaizima, nikailaza juu ya begi. Nikaenda mikono mitupu.

"Shikamoo, mama. Natafuta chumba."

"Marahaba." Akatazama begi kule nilikoliacha, akatazama simu juu yake, akanitazama mimi. Mdomo ukaanza kumcheza. "Unatoka Kisaka?"

"Ndiyo, mama."

"Chumba kipo," akasema, akikung'uta mikono. "Lakini njoo kwanza nikuonyeshe choo kilipo."